Mkanda Mwekundu Mfukoni

4 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Mimi mzima, nakula, nalala, sijakonda. Mwambie mama aache kuuliza watu kama ndege yangu ilifika. Goti lake je? Na sikio lako? Kwa kuwa simu huitaki, unasema sikio la kushoto limekwenda likizo na la kulia linakaimu, basi nitakuandikia barua kama zamani. Ila ujibu kwa mkono wako mwenyewe. Mama ukimwachia kalamu anaongeza maneno yake.

Nimepewa chumba nyuma ya zahanati ya wanyama. Kuna kitanda, meza yenye mguu mmoja mfupi niliyoikinga kwa kopo la dawa ya minyoo, na dirisha linalotazama vizimba. Lugha ya huku naisema kama mtoto wa miaka mitatu, lakini wanyama hawajali.

Asubuhi tunashughulika na wanyama pori. Nina tai mwenye bawa lililovunjika ambaye ananichukia waziwazi, paa wawili yatima, na nyani aliyeungua mkono kwenye waya wa umeme. Mchana ni zamu ya wanyama wa watu. Foleni inafika barabarani. Jana mzee mmoja alimleta paka ndani ya ndoo yenye mfuniko na akataka nimtibu bila kufunua.

Kazi kubwa iliyonileta ni chanjo. Kichaa cha mbwa kimeingia hifadhini na kinamaliza mbwa mwitu. Wamebaki kundi moja tu. Kwa hiyo kila mbwa wa mtaani lazima achanjwe, na akichanjwa anavishwa mkanda mwekundu wa kitambaa shingoni. Mji umetoa amri kali: mbwa akionekana nje bila mkanda mwekundu anapigwa risasi, na mwenyewe haulizwi kitu.

Mikanda yote inashonwa na mama mmoja mtu mzima, fundi cherehani, mjane, anakaa nyumba ya tatu kutoka getini kwetu. Anajitolea kama sisi. Kila mkanda anaupiga mishono miwili sambamba, imenyooka vizuri mno, halafu anauvuta kwa mikono yote miwili mbele yako uone. Anasema hakuna mkanda wake uliowahi kukatika. Nyumbani kwake yupo yeye na mbwa wake basi, jike mweusi mwenye miguu myeupe hadi magotini. Jina lake kwa lugha yetu lingekuwa Soksi.

Wenzangu wananicheka. Wameona kuwa simlishi mnyama yeyote kwa mkono wangu. Chakula namwachia msaidizi. Wewe unajua kwa nini. Mbwa wetu Posta namkumbuka hata huku.

Sheria yako nimekuja nayo: mnyama aliyelazwa kwa dawa ya usingizi, vua kila kitu shingoni mpaka asimame. Wengine hapa hawakuwa na habari nayo. Sasa wanaiita sheria ya Mjomba.

Nisalimie wote,
Sindano wako.


27 Februari

Sindano,

Marahaba, marahaba sana. Barua imefika na stempu nzuri, mama yako ameibandua kabla sijasoma. Goti lake linamsumbua akitakiwa kwenda shambani. Akiitwa harusini linapona. Binamu yako mjamzito ni mkubwa kiasi kwamba tunabishana kama ni mmoja au wawili.

Hapa zahanati habari kubwa ni kwamba mbuzi wa jirani aliingia ofisini akala daftari la chanjo, kuanzia Januari hadi tarehe kumi na tisa. Sasa kumbukumbu zote anazo yeye. Nimemwambia mwenyewe kuwa mbuzi huyo ni mtumishi wetu, asimchinje.

Huyo tai anayekuchukia, mfunike macho kwa kitambaa kabla hujamgusa. Na usimwangalie usoni, hapendi. Hata mimi sipendi.

Kuhusu sheria ya mkanda, hapo usilegeze hata siku moja. Mnyama akizinduka hajui yuko wapi, anaruka, anajinyonga kwa kitu kidogo tu. Vua, halafu kaa naye. Usitoke chumbani. Hata akikuita nani, hata wakikuambia nyumba inaungua. Usitoke, umenisikia?

Habari za mbwa wa zamani tuziache. Wewe angalia wa sasa.

Kula vizuri. Usiwasikilize wanaokucheka.

Mjomba wako.


2 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini nyote wazima. Mimi mzima. Mvua imeanza na chumba kinavuja juu ya meza, ndiyo maana karatasi ina doa.

Tumempata jike la mbwa mwitu amenaswa na mtego wa waya shingoni. Nilimfanyia kazi saa nne nzima. Amepona, amerudi kwa kundi lake, na askari wa hifadhi wanasema ana mimba. Watu wa ofisini wamenipiga picha.

Soksi amekufa. Alipigwa risasi, hakuwa na mkanda.

Yule fundi siku hizi anashona mikanda yake mishono mitatu.

Mjomba, nilitaka kukuuliza. Katika miaka yako yote ya kazi, umewahi kupoteza mnyama kwa kosa lako? Simaanishi ugonjwa wala bahati mbaya. Namaanisha kosa lako mwenyewe.

Samahani barua ni fupi. Kazi ni nyingi.

Sindano.


25 Aprili

Sindano,

Marahaba. Sisi wazima. Binamu yako amejifungua mapacha, wa kike wote, na baba yao anatembea mtaani kama yeye ndiye aliyepata uchungu. Mama yako amehamia huko, kwa hiyo najipikia. Usiulize napika nini.

Hongera kwa huyo jike wa mbwa mwitu. Waya shingoni ni kazi ngumu, mshipa uko karibu. Nimewasomea wateja wangu kipande hicho, mwenye punda akapiga makofi.

Umeniuliza kama nimewahi kupoteza mnyama kwa kosa langu. Nimefanya kazi hii miaka thelathini na nane, nimepoteza wengi, kila daktari anapoteza. Basi.

Sasa na mimi nikuulize. Wewe ni daktari wa wanyama. Tangu lini unahesabu mishono ya cherehani? Umemwandika huyo mbwa kwa mstari mmoja, na mstari unaofuata unaniambia habari za uzi. Nimekulea, Sindano. Ulipovunja birika la bibi yako ulikuja kuniuliza kama udongo unaweza kuota tena. Barua yako ina tundu katikati na mimi naliona hata kwa macho haya mabovu.

Niambie kilichotokea. Sitakugombeza.

Mjomba wako.


20 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Nimefurahi sana kwa mapacha, mama alinipigia akanisikilizisha wanavyolia. Salamu zangu zimeishia hapo. Nisome hadi mwisho kabla hujasema kitu.

Fundi alimleta Soksi siku ya Alhamisi afungwe kizazi. Nilimpasua mwenyewe, kazi ikaenda vizuri. Alipoanza kuzinduka nilimvua mkanda kama ulivyonifundisha, nikautia mfuko wa kulia wa koti langu, nikakaa naye. Alishanyanyua kichwa. Alikuwa anajaribu kusimama, nikasema moyoni dakika tano nitamvisha. Ndipo gari la hifadhi likaingia na yule jike mwenye waya, anakoroma, ulimi umekuwa wa buluu. Nikamwambia msaidizi kaa na huyu, nikakimbia.

Kwa saa nne nilikuwa nimeshika shingo ya mwingine, Mjomba. Soksi sikumkumbuka hata mara moja.

Fundi alikuja kumchukua kwa mkokoteni wa jirani. Msaidizi alikuwa amemfunga shuka mpaka masikioni kwa sababu ya baridi, akamkabidhi hivyo hivyo. Shingo hakuna aliyeiona. Asubuhi yake, saa moja, Soksi akajitoa kwenye shuka kabla fundi hajamwona, akatoka nje ya ua kukojoa barabarani kama anavyofanya kila siku. Nilikuwa napiga mswaki niliposikia mlio. Nikasema maskini, mbwa wa watu.

Fundi akamleta amembeba mikononi. Yeye ni mdogo wa umbo kuliko mama, sijui alimbebaje. Akamlaza juu ya meza yangu, akapapasa shingo yake yote, huku na huku, akaniuliza, "Mkanda umekatikia wapi? Nimeushona mwenyewe." Nilikuwa nimevaa koti lile lile. Mkono wangu ulikuwa mfukoni. Nilikuwa nimeushika, Mjomba. Alikuwa ananitazama na mimi nimeushika.

Nikamwambia, "Pole, mama." Hiyo tu.

Tangu siku hiyo anaamini uzi wake ndio uliokatika. Wiki iliyofuata mikanda ilikuja na mishono mitatu. Sasa imefika minne, kitambaa kimekuwa kigumu mpaka mbwa wanajikuna. Anapita nyumba kwa nyumba kuomba mikanda yake ya zamani, anaipeleka kwake, anaifumua anatafuta penye kasoro. Msaidizi anasema macho yamemvimba kwa kufumua. Kila Jumatatu analeta kapu, na kila Jumatatu ananiuliza, "Daktari, hii itashika?" Namjibu itashika.

Nisijidanganye kwamba ni lugha. Maneno ya kumwambia ninayo, ni machache mno. Nikisema, wataniondoa na watakuwa na haki. Nisiposema, siwezi tena kumtazama. Kwa hiyo nimeamua kuomba nirudi nyumbani mwezi wa saba, niseme naumwa. Na nikirudi, Mjomba, sirudi kwenye dawa. Nitafutieni kazi yoyote isiyo na uhai ndani yake.

Huyu ni wa pili. Wa kwanza ni Posta. Nilikuwa na miaka tisa, uliniambia asubuhi ya upasuaji asile kitu, na mimi nikampa kipande cha mkate kwa mkono huu kwa sababu alinitazama. Nilipokuja kukuambia ni mimi niliyemuua, ulisema, "Basi, usilie, imeshatokea." Hukunigombeza hata siku moja. Nikaapa nitakuwa daktari kama wewe na sitaua tena kwa uzembe. Nimeua.

Niambie nifanye nini. Utakachosema nitakifanya.

Sindano.


9 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Sote wazima.

Barua hii nimeianza mara nne. Nilikuwa nataka kukuandikia kwamba tatu zililiwa na mbuzi. Si kweli, nimezichana mwenyewe. Leo sitaki kukudanganya hata kwa mzaha. Najua uliningoja. Mwezi wa sita wote barua yako ilikuwa chini ya mto wangu na mimi najifanya nina wateja wengi. Wateja hakuna. Mkono wangu wa kulia unatetemeka tangu mwaka jana, sindano haikai. Hilo nalo nilikuficha. Lakini si hilo linalonichelewesha.

Umeniuliza mwezi wa nne kama nimewahi kuua mnyama kwa kosa langu, nikakujibu kama mwanasiasa. Sasa nakujibu. Nimemuua Posta.

Mkate wako haukumfanya kitu. Kilikuwa kipande, na alikula alfajiri, na mimi nilimpasua karibu adhuhuri. Hakutapika. Hakukabwa na chakula. Upasuaji ulikwisha salama, lile jipu nililitoa lote, moyo unapiga vizuri, anaanza kuchezesha masikio. Nilikuwa nimemfunga kamba shingoni na kamba nimeifunga kwenye mguu wa meza asianguke. Ndivyo tulivyokuwa tunafanya wakati ule. Halafu nikatoka nje kuvuta sigara. Mwenye duka alikuwa pale mlangoni na redio, kuna mpira, nikasimama nisikilize kidogo. Nikawasha ya pili.

Niliporudi Posta alikuwa ameruka upande wa pili wa meza. Kamba ilikuwa fupi, miguu haikufika chini.

Nilimfungua, nikampulizia, nikamkandamiza kifua, wapi. Nikamrudisha mezani, nikamfunika, nikavua kamba nikaitupa chooni. Ndiyo, chooni. Nikasimama pale natafuta maneno ya kukuambia. Naapa nilikuwa nayatafuta. Wewe ukaingia na sare ya shule, ukamwona, na kabla sijafungua mdomo ukaanza kulia unasema, "Mjomba, ni mimi, nilimpa mkate."

Na mimi nikasema, basi, usilie, imeshatokea.

Sikusema ndiyo wala hapana. Nilikuacha uondoke hivyo. Nilijiambia kesho nitamweleza, ni mtoto, atasahau. Kesho yake hukula mkate. Mwaka ule wote hukula mkate nyumbani, mama yako alidhani una minyoo na mimi nikakuandikia dawa. Nilikuandikia dawa ya minyoo, mwanangu! Halafu ukaanza kuja zahanati kila jioni kufagia na kushika taa. Watu wakaniambia, mpwa wako ana wito. Nikawa naona fahari. Baadaye ilikuwa imechelewa kiasi kwamba kila nilipotaka kusema niliona nitakuvunjia maisha yote uliyojenga juu yake. Ndivyo mwoga anavyojipa sababu.

Sheria ya Mjomba unayowafundisha watu wa huko ilianzia siku ile. Sigara niliacha siku ile ile. Nyote mlinisifu.

Miaka ishirini na miwili umebeba mzigo wangu, na mimi nikiwa natembea mikono mitupu mbele yako.

Sasa umeuliza ufanye nini. Sina haki ya kukushauri lakini nitakushauri, kwa sababu najua jambo hili kuliko mtu yeyote. Nenda kwa yule mama. Usirudi nyumbani kwanza. Usiandike barua, usimtume msaidizi, nenda mwenyewe na mkanda mkononi. Anafumua nyuzi usiku na mchana akitafuta kosa lake na kosa hana. Wewe ulikuwa hivyo hivyo na mimi nikakutazama tu. Wakikuondoa, watakuondoa ukiwa mtu mzima. Mimi hawakuniondoa, nimekaa hapa na kiti changu, na angalia nilivyo.

Mama yako nimemwambia jana. Ametoka, mlango ameuacha wazi.

Nisamehe siandiki, maana neno hilo ukiliomba kwa karatasi ni rahisi mno. Nitaliomba ukija.

Mjomba wako.


3 Septemba

Sindano,

Natumaini barua yangu ya Julai ilifika. Kama haikufika nitaiandika tena yote, usifikiri nitashukuru kwamba imepotea.

Mama yako anasema unampigia simu na mkono wako ni mzima. Basi najua hutaki tu. Ni haki yako. Yeye mwenyewe alikaa wiki mbili bila kunisemesha; chakula alikuwa ananitumia kwa jirani, amefunika sahani, hata ladha ilikuwa ya hasira. Sasa ananisalimu.

Mapacha wanajigeuza wenyewe. Mmoja ana masikio yako.

Vifaa vya zahanati nimevisafisha vyote na kuvipaka mafuta. Sijamwonyesha mtu wa kununua. Sisemi zaidi.

Nangoja tu, hata kama ni neno moja.

Mjomba.


14 Oktoba

Mjomba,

Utaona hapo juu hakuna salamu. Sijasahau. Nimekaa na kalamu nikashindwa kuiandika, basi nimeiruka.

Barua yako ilifika mwisho wa Julai. Niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa chini sakafuni. Nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo kwa mtu. Nilikumbuka kila mkate nilioukataa. Nilikumbuka mitihani niliyosoma nikilia, nikijiambia lazima nilipe. Nikakuandikia barua mbaya sana, kurasa tano, nikaichana, siku ya pili nikajuta kuichana. Ningekuwa karibu ningekuja kukupigia kelele mbele ya wateja wako wote, pamoja na mwenye punda.

Wiki nzima nilikuwa najiuliza, aliwezaje? Alinitazamaje kila jioni nimeshika taa na asiseme? Halafu ikafika Jumatatu, fundi akaja na kapu lake, akaniuliza, "Daktari, hii itashika?" Na mimi nikafungua mdomo nimjibu itashika. Hapo nikajua uliwezaje. Ni rahisi sana, Mjomba. Mtu anajilaumu mwenyewe mbele yako, na wewe huhitaji kufanya kitu chochote.

Nikaurudisha mkanda kapuni. Nilimwambia, "Nitakuja kwako mchana."

Cherehani yake iko dirishani. Chumba kizima kilikuwa na mikanda iliyofumuliwa, amezipanga nyuzi juu ya gazeti, kila moja na karatasi yenye jina la mbwa. Nilitoa mkanda wa Soksi mfukoni nikauweka juu ya cherehani. Nikasema yote kwa lugha yangu ya mtoto wa miaka mitatu. Ulikuwa mfukoni mwangu. Niliuvua mimi. Nilisahau kuurudisha. Ulipouliza nilikuwa nimeushika.

Hakuniangalia. Aliuchukua mkanda akavaa miwani, akaugeuza, akapitisha kucha juu ya mishono yote miwili mpaka mwisho. Akaushika ncha zote mbili akauvuta kwa nguvu zake zote, kama siku ya kwanza aliponionyesha. Akauvuta tena. Akasema, "Uzi mzima."

Nikasema, "Ndiyo, mama."

Akasema, "Miezi minne na nusu." Halafu akasema, "Uzi wangu mzima." Akaanza kulia, na nilipomsogelea akaninyooshea kidole mlangoni. Nikatoka.

Nilikwenda kwa mkuu wa zahanati siku hiyo hiyo nikamweleza. Hakuniondoa. Ameniandikia onyo, na sasa kuna kulabu ukutani juu ya meza ya kuzindukia. Mkanda ukivuliwa unatundikwa pale, na mnyama hatoki mlangoni mpaka kulabu iwe tupu. Msaidizi alilia kuliko mimi. Yeye naye alikuwa anajilaumu kwa lile shuka, na hakuwahi kuniambia.

Wiki tatu fundi hakuleta kitu. Mikanda ilipungua mpaka tukaanza kukata mapazia. Nikipita kwake dirisha limefungwa. Sikubisha hodi, sikuwa na la kuongeza.

Wiki ya nne nimefika kazini, kapu liko mlangoni, limejaa. Hakukuwa na salamu wala karatasi. Nilichukua mmoja nikaugeuza. Mishono miwili.

Nikachukua mwingine, na mwingine, nikalimwaga kapu lote sakafuni. Yote mishono miwili, Mjomba, imenyooka vile vile. Hajanisemesha mpaka leo, tukikutana barabarani anatazama upande mwingine, na sidhani kama ataacha. Lakini anashona kama zamani.

Yule jike wa mbwa mwitu alizaa tangu mwezi wa sita. Askari wamehesabu watoto saba.

Mkataba wangu unaisha Desemba na nitaumaliza. Nikirudi, vifaa vyako nitavitaka, na mkono wako unaotetemeka nitautafutia kazi, utakaa na wanyama wanaozinduka. Mlangoni hutatoka. Hasira yangu haijaisha. Tutagombana, nakuonya, na mama ameshasema yeye atakuwa upande wangu. Nenda ukanunue sigara uniwekee mezani niivunje mbele yako. Sijui kwa nini nataka hivyo, nataka tu.

Jana mchana alikuja mbwa mmoja mzee wa mtaani, amechanjwa, mkanda shingoni, akakaa mbele yangu nikinywa chai. Akanitazama kama Posta alivyonitazama. Mkate ulikuwa mezani. Nilikata kipande nikamnyooshea. Alikichukua polepole, midomo yake ilikuwa ya moto, akala, akalamba kiganja changu, akaondoka zake barabarani mzima. Nilimtazama mpaka akakata kona. Halafu kilichobaki nikala mimi.

Shikamoo, Mjomba.

Sindano.